KIBOKO KILITOKA MTONI, NANI ALIKILETA DARASANI?

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo na vijana wa Karagwe na Kyerwa kuhusu neno moja ambalo mtoto wa Kitanzania hulijua kabla hajajua kuandika jina lake. Tumeyachapa kama yalivyotolewa. – Mhariri

Ndugu vijana wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Kaisho, na wewe uliyeko Manzese unayelisoma gazeti hili kwa kuazima! Leo sitaanza na kura, wala sitaanza na bei ya kahawa. Nitaanza na neno. Neno lenyewe ni kiboko.

Najua umecheka. Kwenu vijana wa mjini kiboko ni sifa. Mshambuliaji akifunga mabao matatu, ni kiboko. Fundi akifufua gari lililoshindikana gereji tatu, ni kiboko. Akitokea mtu wa kumtuliza mbabe wa mtaa, mnasema huyo ndiye kiboko yake. Sina ugomvi na lugha ya vijana, lugha ni yenu. Lakini hebu jiulize: ni watu wa namna gani wanaolichukua jina la kitu walichochapiwa wakalifanya kuwa medali ya kumvika shujaa? Mtumwa hamsifu bwana wake kwa jina la mnyororo. Sisi tumefanya hivyo, na tunacheka.

Basi tulifungue neno hili tuone ndani mna nini.

Ukiuliza kiboko ni nini, utapewa majibu matatu. Kwanza ni mnyama, yule mnene wa mtoni ambaye mvuvi wa Mto Kagera anamwogopa kuliko mamba. Pili ni mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. Tatu ni pigo lenyewe, kitu cha kuhesabu: kiboko kimoja, viboko vinne, viboko ishirini na tano. Angalia safari hiyo. Mnyama amekuwa chombo, na chombo kimekuwa namba. Leo mwalimu anamchapa mtoto kwa fimbo ya mpera aliyomtuma huyo huyo mtoto akaikate, lakini anasema amempa viboko. Mnyama hayumo, ngozi haimo, jina limebaki. Jina huwa halibaki bure.

ULIZA MTO UNAITWAJE MNYAMA WAKE

Ngozi ya kiboko ni nene kupita kiasi. Wakataji waliikata ikiwa mbichi kwa vipande virefu, wakaikausha, wakaichonga iwe nene mkononi na nyembamba nchani, wakaisugua kwa mafuta mpaka ikanesa. Pigo lake huchana nyama. Afrika nzima waliokuwa na watu wa kutiisha waligundua jambo hilo hilo: Misri na Sudan waliuita kurbash, Wabelgiji wa Kongo wakauita chicotte, Makaburu wa kusini wakauita sjambok. Kwetu ukaitwa kwa jina la mnyama mwenyewe, kwa sababu Waswahili wa misafara hawakuona haja ya kuficha.

Sasa nakupa ushahidi ambao hauhitaji maktaba. Vuka uende Uganda, umuulize Mganda mnyama yule anaitwaje. Atakuambia envubu. Muulize Mnyarwanda, atakuambia imvubu. Hao ni watu wa mito na maziwa, wamekaa na mnyama huyo tangu mababu, wana jina lao na hawakuhitaji la kuazima. Lakini Mganda huyo huyo analijua neno kibooko, na Mnyarwanda analijua ikiboko. Je, kwake ni mnyama? Hata kidogo! Kwake ni mjeledi.

Umeelewa maana yake? Neno lilipopanda kutoka pwani kuja bara, mnyama hakupanda nalo. Aliyelileta hakuja kuwafundisha watu majina ya wanyama. Alikuja nalo mkononi. Watu wa nchi za maziwa makuu walijifunza neno hili la Kiswahili kwa kupitia ngozi ya mgongo, si kwa kupitia sikio. Nenda kwa bibi yako kijijini Bweranyange au Mabira, muulize kwa Kinyambo mnyama wa mtoni anaitwaje, kisha muulize kiboko ni nini. Msikilize vizuri anavyotofautisha.

Na Uganda kuna kiboko kingine. Kahawa ya robusta iliyokaushwa na maganda yake, hii hii inayolala mashambani kwetu na kuvushwa usiku kwa magendo, ng'ambo huitwa kiboko. Wapo wanaosimulia kwamba iliitwa hivyo kwa sababu wakulima wa zamani walilazimishwa kuipanda kwa mjeledi. Mtu wa Kyerwa anayevusha gunia gizani anavusha kiboko, na akikamatwa anarudi na kiboko. Haya, tuendelee.

FIMBO YA RUMANYIKA

Wapo watakaosema: "Ndugu, usiwasingizie wageni. Babu zetu walichapa." Ni kweli, walichapa, na mimi sitakupaka rangi utawala wa jadi uonekane pepo. Fimbo kwa Kinyambo ni enkoni, na enkoni ni chombo cha heshima: cha mchungaji, cha mzee, cha mwenye kauli.

Tunayo hata habari yake kitabuni. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange. Alistaajabia wanawake wa ukoo wa kifalme walivyonenepeshwa kwa maziwa. Aliandika kwamba alimwona binti wa miaka 16 akinywa maziwa bila kupumzika, na baba yake ameketi kando, fimbo mkononi, kuhakikisha haachi. Hiyo ndiyo fimbo ya Karagwe katika maandishi ya Mzungu wa kwanza: fimbo ya kumnywesha mtoto maziwa! Ilikuwa ukatili, ndiyo. Lakini ni fimbo ya baba kwa mwanawe, ndani ya nyumba, kwa jambo ambalo ukoo ule uliliona ni neema. Haikuwa na namba wala karani.

Shika jambo jingine hapo. Speke alikuwa na mwenzake, James Augustus Grant. Grant alikuwa Mskochi, mzaliwa wa Nairn, na mguu wake ulioza vidonda kiasi kwamba Januari 1862 Speke alipoondoka kwenda Uganda alimwacha Karagwe akiuguzwa kwa Rumanyika kwa miezi. Mweke Mskochi huyo akiba. Nitarudi kwao baadaye, kwa sababu na wao walikuwa na neno lao.

HAMSA ISHIRINI

Mjerumani alipofungua kituo Bukoba mwaka 1890, kiboko kilikuwa kimekwisha kupanda na misafara. Alichofanya yeye ni kukipa ofisi. Tarehe 22 Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani alitoa amri ya kuratibu adhabu ya kuchapwa katika makoloni yake ya Afrika. Kikomo kwa mara moja: viboko 25. Mzungu awepo akishuhudia. Wanawake wasichapwe. Na Waarabu na Wahindi wasichapwe.

Soma tena hapo mwisho. Waarabu na Wahindi wasichapwe. Kama kiboko kilikuwa dawa ya tabia mbaya, je, Mwarabu na Mhindi hawakuwa na tabia mbaya? Amri ile haikupima kosa, ilipima mtu. Ilichora mstari: huyu anachapika, huyu hachapiki. Kosa lilikuwa kisingizio tu cha kukukumbusha uko upande gani wa mstari.

Ishirini na tano kwa hesabu ya zamani ya pwani ni hamsa ishirini. Ikawa ndilo jina la adhabu. Mtu hakusema amehukumiwa. Alisema amepewa hamsa ishirini, na kila mtu alijua. Nchi nzima ilijifunza namba moja ya Kiarabu kwa kulazwa kifudifudi.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia Mbelgiji akachukua Rwanda, akakiendeleza huko: ukichelewa kazi ya kulazimishwa barabarani, ikiboko. Wanyarwanda wengi walitoroka kazi hizo na mijeledi hiyo, wakaja kutafuta vibarua katika mashamba ya kahawa ya Buganda na ya mkoa wetu. Wapo kati yenu hapa mlio wajukuu wao. Babu yako hakuja Karagwe kutalii.

Mwingereza naye, mstaarabu, alikuja na henzerani, ule ufito laini wa kuagizwa nje, na akaja na karatasi. Mwaka 1930 alitunga sheria ya adhabu ya viboko ya Tanganyika. Sheria hiyo haikwenda naye alipopanda ndege. Imo katika vitabu vya sheria za nchi hii, Sura ya 17. Ndipo na shule zikajengwa kwa mfano huo: mkuu wa shule akawa bwana shauri mdogo, kiranja akawa askari, na mtoto akawa mwananchi. Mtoto aliyetoka pale alijua vizuri atakavyotawaliwa akiwa mkubwa.

WASKOCHI NA MKANDA WAO

Sasa nimrudie Grant. Kule kwao Uskochi, karne hiyo na iliyofuata, mwalimu alichapa kwa mkanda wa ngozi nene ya ng'ombe, mwisho wake umepasuliwa ukawa na ndimi mbili au zaidi. Uliitwa tawse, hutamkwa kama "tooz". Na asili ya neno hilo ni nini? Ni neno la kale la kulainisha ngozi, na la kipande cha ngozi kilicholainishwa. Yaani Mskochi alifanya kama sisi: aliita adhabu kwa jina la ngozi. Mji wa Lochgelly, mji wa wachimba makaa ya mawe jimbo la Fife, ulikuwa maarufu kwa kuitengeneza, hata watu wakaiita kwa jina la mji. Ilikuwapo ya wepesi na ya uzito, mwalimu anachagua kama anavyochagua viatu. Mtoto alinyoosha viganja, kimoja juu ya kingine, akapigwa.

Wasije wakakudanganya kwamba mambo hayo waliyaacha kwao. Mwaka 1879 pale Blantyre, katika misheni ya Kanisa la Uskochi, nchi ambayo leo ni Malawi, wamisionari walifanya mahakama yao wenyewe, wakachapa watu kwa mijeledi, na mtu mmoja akafa kwa kipigo kwa kushukiwa wizi. Ilipojulikana kwao mwaka uliofuata ikawa kashfa, tume ikaundwa, watu wakafukuzwa kazi.

Lakini habari ninayotaka uishike ni ya akina mama wawili. Mmoja aliitwa Grace Campbell, mwingine Jane Cosans. Mtoto wa Bibi Cosans, Jeffrey, alikuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1976. Kosa lake lilikuwa kukatiza njia makaburini akitoka shule. Akaambiwa anyooshe mikono. Akakataa. Baba yake alikuwa amemwambia akatae. Shule ikamsimamisha masomo mpaka akubali kuchapwa, na wazazi nao wakakataa, mpaka umri wake wa kusoma ukaisha. Bibi Campbell yeye aliiomba serikali ya jimbo lake jambo moja tu: ahadi kwamba mwanawe hatachapwa. Wakamnyima ahadi.

Akina mama hao hawakuchoma shule wala hawakumpiga mwalimu. Waliandika barua, wakafungua kesi, ikapanda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg. Tarehe 25 Februari 1982 mahakama ikasema: serikali haikuheshimu imani ya wazazi hawa kuhusu malezi, na kumfungia mtoto mlango wa shule kwa sababu amekataa kuchapwa ni kumnyima haki ya elimu. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1986, na Agosti 1987 mkanda ukaisha katika shule za serikali. Ngozi ya Lochgelly leo inanunuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Kumbuka sababu hiyo ya pili ya mahakama: kumfukuza mtoto kwa kukataa kuchapwa ni kumnyima elimu. Sasa turudi nyumbani na kitu hicho mkononi.

SHERIA INASEMAJE, NA NANI ANAISOMA?

Uhuru ulipokuja 1961 wengi walidhani kiboko kitaondoka na bendera ya Mwingereza. Mwaka 1963 Bunge letu lenyewe likapitisha sheria ya adhabu za chini: mwizi na mla rushwa achapwe viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliieleza baadaye kwa mzaha, kwamba vile vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Watu walicheka sana. Hapa wapo watakaonizomea, maana Mwalimu ni Mwalimu. Nami namheshimu. Lakini hesabu: Mjerumani 25, sisi 24. Tulijitawala kwa kiboko kimoja!

Viboko vile viliondolewa katika sheria hiyo mwaka 1972. Rushwa iliendelea kama kawaida.

Shuleni je? Sikiliza vizuri, maana hii ndiyo sehemu ambayo wakubwa hawapendi uijue. Kanuni zinazotumika zilitolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Zinasema: viboko visizidi vinne, kutoka sita vya kanuni za zamani. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkabidhi mamlaka hayo kwa maandishi. Si kila mwalimu, si mwalimu wa zamu, si kiranja. Msichana achapwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule. Pigo ni mkononi au makalioni juu ya nguo, kwa ufito mwepesi. Na kila mara iandikwe katika kitabu: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa.

Wewe ulisoma. Ulichapwa mara ngapi na nani? Ulichapwa kwa kuchelewa, kwa kushindwa hesabu, kwa kukosa mchango, kwa kuongea Kinyambo, kwa sababu darasa zima limechapwa. Kitabu hicho uliwahi kukiona? Kwa mujibu wa kanuni, sehemu kubwa ya viboko alivyokula kijana wa nchi hii vilikuwa kinyume cha sheria. Si mimi nisemaye, ni karatasi ya wizara.

Na katika karatasi hiyo hiyo kuna kifungu kingine: mwanafunzi anayekataa kuchapwa anaweza kuondolewa shule. Ni kile kile alichotendewa Jeffrey Cosans, ambacho Strasbourg ilikataa miaka 20 kabla! Wenzetu walikwisha kukizika, sisi tukakiandika upya mwaka 2002. Katiba yetu Ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Labda mtoto wa darasa la tatu si mtu.

Sasa vuka daraja la Murongo. Upande huu ni Kyerwa, upande ule ni Kikagati, Uganda. Mto ni mmoja, watu ni wale wale, wanaoana, wanauziana ndizi. Upande ule sheria ya watoto, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza kumchapa mwanafunzi. Upande huu inaruhusiwa. Kenya walipiga marufuku mwaka 2001. Sitakudanganya kwamba Kikagati au Kisumu hakuna mwalimu anayechapa, wapo. Ila huko mzazi akienda kulalamika ana sheria mkononi, na mwalimu ndiye wa kujieleza. Kwetu mzazi ndiye anayeulizwa: "Kwani wewe hukuchapwa?"

ALBERT WAWILI

Nitakupa visa viwili, uvipime mwenyewe.

Februari 2009, hapa hapa Kagera, mkuu wa wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani na uchelewaji. Askari polisi akatekeleza, kwa watu wazima, wengine wakiwa na watoto wao shuleni hapo hapo. Nchi ilitikisika. Chama cha walimu kikawaka, magazeti yakawaka, na Rais Kikwete akamwondoa kazini katika siku chache. Alifanya vizuri.

Oktoba 2019, wilaya ya Chunya, mkuu wa mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa viboko hadharani wanafunzi 14 wa sekondari ya Kiwanja wakihusishwa na kuchomwa kwa mabweni. Yeye mwenyewe, mbele ya kamera. Si mkuu wa shule. Hana barua ya kukabidhiwa mamlaka na mkuu wa shule. Kanuni za 2002 hazimjui mkuu wa mkoa. Rais Magufuli akampongeza, akasema hata hivyo viboko vilikuwa vichache. Mwaka 2022 bwana huyo alikuwa mkuu wa mkoa wetu wa Kagera.

Albert wa kwanza alifukuzwa, Albert wa pili alipongezwa. Tofauti ni nini? Kiboko ni kile kile, cheo ni cha serikali ile ile. Tofauti ni aliyelazwa chini. Mwalimu alionekana yuko upande wa wasiochapika, mwanafunzi yuko upande wa wanaochapika. Ni ule mstari wa 1896, ila Mwarabu na Mhindi wametoka, ameingia mtu mzima na mtoto. Na mstari huo hausimami. Leo unapita kati ya mwalimu na mtoto, kesho unapita kati ya mkuu wa wilaya na mkulima, keshokutwa kati ya askari na wewe uliyekuja kwenye mkutano wa hadhara na kofia ya chama kisichotakiwa. Kirungu cha FFU hakikuanzia kwenye mkutano wetu. Kilianzia mstarini asubuhi, ulipoambiwa "lala chini" ukalala bila kuuliza kwa nini.

Na kati ya visa hivyo viwili kuna kisa cha tatu ambacho siwezi kukitania. Agosti 2018, shule ya msingi Kibeta, manispaa ya Bukoba, mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Kesi ya mauaji ikafika Mahakama Kuu. Hakuna kanuni iliyoruhusu kipigo kile, kila mtu alisema hivyo kwa haraka. Lakini mwalimu hakuamka siku moja akavumbua fimbo. Aliikuta ofisini, kwenye kona, mahali inapokaa siku zote.

"MBONA SISI TUMENYOOKA?"

Ndilo swali lenu, nalisikia kila niendapo. Tulichapwa, tumenyooka.

Tumenyooka wapi, ndugu yangu? Nchi ya watu walionyooka ingekuwa na ofisi za serikali zisizoomba chai. Wale wanaotafuna fedha za halmashauri walichapwa, tena na walimu wakali kuliko wa kwako. Aliyeiba pembejeo za wakulima wa kahawa alichapwa. Anayehesabu kura usiku taa zikizimika alichapwa, na darasani alikuwa wa kwanza kwa nidhamu. Fimbo ilimfundisha jambo moja alilolishika vizuri: kosa ni kukamatwa.

Utaniambia methali: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nakubali. Methali hiyo haisemi fimbo. Samaki mkunje angali mbichi, nayo inasema mkunje, haisemi mpasue. Wahenga walikuwa na neno fimbo, wangetaka wangelitumia.

Na mwalimu simtupi. Mwalimu wa Kyerwa aliyepewa darasa lililofurika, nyumba haina, malimbikizo hajalipwa, chaki ya kuomba, amepewa nini kingine cha kutuliza watoto? Serikali imempa fimbo kwa sababu fimbo ni rahisi, inaota yenyewe kwenye mpera. Madawati yana gharama. Walimu wa kutosha wana gharama. Kila mara unapoona kiboko mahali, tazama pembeni yake: kuna kitu ambacho hakikununuliwa.

Ninachokuomba wewe kijana ni kidogo, na hakihitaji maandamano wala kibali cha OCD. Una mdogo wako shuleni, au una mtoto wako. Nenda shule, msalimie mkuu kwa heshima, mwombe akuonyeshe kitabu cha adhabu kinachotakiwa na kanuni za mwaka 2002. Usigombane. Omba tu kukiona, na uangalie jina la mtoto wako limeandikwa mara ngapi na barua ya kumkabidhi mwalimu mamlaka iko wapi. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie wewe ni mzazi. Akikuuliza umetumwa na chama gani, mwambie umetumwa na Gazeti la Serikali, ndilo lililochapa kanuni hizo. Ukishakiona kitabu, au ukishaambiwa hakipo, uandike barua, nakala kwa ofisa elimu wa wilaya, Kayanga kwa watu wa Karagwe, na halmashauri ya Kyerwa kwa wale wa huko. Weka nakala yako. Bibi Cosans alianza na barua.

Nimemaliza upande wangu. Yule kijana wa shati la bluu alinyoosha mkono tangu nilipomtaja Mwalimu, aanze yeye.